Kilichokuwa Ndani ya Bakuli la Tessie

Kila asubuhi, baada ya kunywa kahawa, mzee Emil Novotny alivaa kofia yake na kwenda kwenye sanduku la barua. Sanduku liko kando ya barabara, mwisho wa njia ya changarawe. Barua huja mchana, lakini mzee Emil alikuwa amelisahau hilo. Siku hizi alisahau mambo mengi.

Tessie hakusahau kitu. Tessie ni mbwa wa kuchunga ng'ombe, mwenye manyoya ya rangi ya majivu na sikio moja jeusi. Alifuatana na mzee kwenda na kurudi. Mzee akipotea njia na kuelekea mashamba ya watu, Tessie alimzuia kwa bega, kama anavyomzuia ndama. Mzee alimtukana kwa Kicheki, lugha ya wazazi wake, kisha akageuka.

"Huyu mbwa ananichunga mimi," alisema mezani. "Iko siku atanifungia zizini."

"Mwache akufungie, baba," alisema Marlys, mke wa mwanawe. "Angalau nitajua uko wapi."

Walicheka, lakini Marlys hakutania sana. Yeye alifanya kazi jikoni, katika shule ya mjini. Mumewe, Wendell, alikuwa shambani kutwa. Bila Tessie, mmoja wao angelazimika kuacha kazi ili amwangalie mzee.

Mwaka ule jimbo letu la Nebraska lilikauka. Mvua ilikatika mapema, na jua likawaka hadi majani ya mahindi yakajisokota. Wendell alivuna kidogo. Mahindi mazuri aliyauza kwenye ghala kuu la nafaka. Yaliyobaki yalikuwa na vumbi na punje nyingi zilizopasuka. Hayo aliyaweka katika kihenge kidogo nyuma ya nyumba.

"Sitayatupa," alimwambia mkewe. "Nitayachemsha, nimchanganyie Tessie na chakula chake cha mfuko. Na zile punje nzuri nitazichagua, nimsagie baba unga wa uji."

Mzee Emil alipenda uji mzito wa mahindi ya shambani kwake, wenye siagi na asali ya mabua ya mtama. Uji wa unga wa dukani aliusukuma pembeni. "Hapa mmepika magazeti," alisema.

Basi kila jioni Wendell alimimina mahindi ya kuchemsha kwenye bakuli la Tessie, juu ya chakula cha mfuko. Tessie alikula yote.

Majira ya baridi yalipoanza, Tessie alipunguza kula. Kisha akaanza kutapika. Alilala barazani, kichwa juu ya miguu, na hata paka wa jirani alipita mbele yake bila kufukuzwa.

"Anazeeka," alisema Wendell.

"Mwezi uliopita alikuwa anaruka uzio," alijibu Marlys. "Uzee gani huo unaokuja mara moja?"

Asubuhi moja mzee Emil alitoka peke yake. Wendell alimkuta mbali, katikati ya shamba tupu, bila koti, upepo ukimpiga. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama chuma.

"Tessie yuko wapi?" mzee aliuliza. "Namngoja anionyeshe njia."

Wendell alimfunika kwa koti lake na kumrudisha nyumbani. Marlys alikuwa amepiga magoti barazani, amemfunua Tessie mdomo.

"Wendell, njoo utazame. Fizi zake ni za manjano. Na macho pia."

Hawakungoja tena. Walimbeba Tessie katika blanketi hadi kwenye pikapu, wakampandisha na mzee, wakaenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari Quintero alimpima Tessie damu. Aliporudi, uso wake haukuwa na tabasamu.

"Ini lake limeumia vibaya," alisema. "Nitamlaza hapa. Nitamtundikia dripu na kumpa dawa za kulisaidia ini. Sasa niambieni, anakula nini?"

"Chakula cha mfuko," alisema Wendell. "Cha dukani."

"Kina mahindi?"

"Kina mahindi, ndiyo."

"Basi msimpe mnyama yeyote chakula hicho. Lakini mfuko msiutupe. Nileteeni mfuko wenyewe pamoja na chakula kilichobaki. Una namba ya toleo, na kwa namba hiyo tutajua kama kuna tatizo lililotangazwa. Nina wasiwasi na sumukuvu."

"Atapona, daktari?" aliuliza Marlys.

"Sijui bado. Mmemleta akiwa hai. Hilo ni jambo kubwa."

Walipofika nyumbani, Marlys alimpigia simu dada yake, Corinne. Corinne hakumngoja amalize.

"Si nilikwambia! Nafaka ni sumu kwa mbwa. Choma huo mfuko leo leo!"

Marlys alikata simu, akauchukua mfuko. Alikuwa anaupeleka nje wakati jirani yao, Roxanne Pohl, alipoingia na sahani ya maandazi ya jamu. Roxanne hupima ubora wa nafaka kwenye ghala kuu la mjini. Ni mwanamke wa mizaha mingi na sauti kubwa.

"Unaupeleka wapi huo mfuko, kama mwizi?"

"Kuuchoma. Corinne anasema nafaka zimemuua mbwa wangu."

"Mbwa wako hajafa, na Corinne si daktari. Rudisha ndani. Ukiuchoma, utachoma na ushahidi."

Roxanne aliketi. Akaongea polepole.

"Marlys, nafaka si adui. Mbwa wengi wanakula mahindi na mchele maisha yao yote na wana afya. Adui ni kuvu. Ukame na joto vikiyapiga mahindi, punje hupasuka, kuvu huingia na kutengeneza sumu. Ndiyo hiyo sumukuvu."

"Sasa viwanda vinawezaje kutuuzia?"

"Vinapima. Lori la mahindi likija kwetu, tunachota sehemu nyingi, juu na chini, kwa sababu sumu haikai sawasawa. Tunasaga, tunapima. Likizidi kiwango, linarudi lilikotoka. Kiwanda nacho hupima tena. Mara chache kitu hupenya. Kikigundulika, watu hutangaziwa namba ya mifuko wairudishe. Kwa hiyo sisemi mfuko huu hauna kosa. Nasema tusiuhukumu kabla ya kuupima. Je, Tessie anakula kitu kingine?"

"Hapana," alisema Wendell.

Mzee Emil aliinua kichwa kutoka kwenye kahawa yake.

"Muongo! Anampa mahindi ya kihenge. Mbwa anakula, mimi baba yake nangojeshwa."

Roxanne aliacha kutabasamu. "Mahindi gani, Wendell?"

"Ya mwaka huu. Ni masalio tu. Lakini nayachemsha!"

"Kuchemsha kunaua kuvu. Sumu inabaki palepale."

"Hayana ukungu. Nimeyatazama kwa macho yangu."

"Sumu hii huioni, wala huisikii harufu. Mzee amekwisha kuyala?"

Wendell alimgeukia baba yake.

"Bado," Wendell alisema kwa shida. "Nilipanga kumsagia Jumamosi."

Mchana ule Roxanne alifunika pua na mdomo kwa barakoa, akachota mahindi pande zote za kihenge. Wendell alimfuata hadi ghalani mjini. Huko Roxanne aliyasaga, akachanganya unga na maji ya dawa, akachovya kijikaratasi cha kupimia. Kisha akakitia katika mashine na kumgeuzia Wendell aone. Sumu ilikuwa mara nyingi zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa.

Wendell aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nimemtilia sumu kwa mkono wangu," alisema. "Na Jumamosi ningempa baba."

"Lakini hukumpa," alisema Roxanne. "Inuka. Mpigie daktari ajue kitu alichokula."

Daktari Quintero alishukuru kwa habari hiyo. Wendell alipomletea mfuko wa chakula, aliupeleka pia kwenye maabara. Jibu lilikuja baadaye: chakula cha mfuko kilikuwa salama, na namba yake haikuwa katika matangazo yoyote.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Marlys aliruka kila simu ilipolia. Wendell alikaa nyumbani na baba yake. Kisha, wakiwa mezani kwa chakula cha mchana, simu ya daktari ikaja.

"Amekula," alisema Daktari Quintero. "Kuku kidogo na wali. Na amemnyang'anya msaidizi wangu soksi."

Marlys aliweka simu chini, akalia huku akicheka. Wendell alimkumbatia. Mzee Emil hakuelewa habari yenyewe, lakini na yeye alicheka.

Tessie alirudi nyumbani amekonda, na dawa za kuendelea kumeza. Daktari alitaka kumpima damu tena na tena, na kila kipimo kilikuwa bora kuliko cha kabla yake. Wendell aliuliza ofisi ya kilimo ya wilaya namna ya kuyaondoa yale mahindi. Aliyafukia kwenye shimo refu, mbali na kisima, pasipofikiwa na kuku wala kulungu. Alinunua pipa lenye mfuniko mzito. Sasa chakula cha Tessie hukaa ndani ya mfuko wake mwenyewe, ndani ya pipa hilo, mahali pakavu pasipo joto. Mfuko ukiisha, Marlys huosha pipa na kulikausha kabisa kabla ya kuweka mwingine. Chakula kipya hakimwagwi juu ya cha zamani.

Jumapili moja, baada ya ibada, wanaume walikuwa wanakunywa kahawa katika ukumbi wa kanisa. Wendell, ambaye hapendi kusema mbele ya watu, alisimama na kuwasimulia yote, pamoja na ule unga wa Jumamosi.

"Ah, Wendell," mmoja alimtania, "siku hizi mbwa wako anakula kwa cheti cha maabara?"

"Ndiyo," Wendell alijibu. "Na mama yako nyumbani anakula uji wa mahindi ya nani?"

Yule mtu alitazama kahawa yake.

Kesho yake asubuhi simu ya Wendell ililia. Alikuwa Roxanne, na nyuma yake zilisikika injini.

"Wendell, umewaambia nini watu? Pikapu zimepanga foleni hadi barabarani, kila mtu na ndoo yake ya mahindi ya kupimwa. Njoo hapa, na uje na kahawa. Wamenimalizia yote."