Alama Yenye Miguu

Nguzo alikuwa mfyekaji. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi na vichaka chini ya nyaya za umeme. Jina la Nguzo alipewa na wenzake kazini. Walisema ni kwa sababu ya urefu wake. Walisema pia kwamba anapenda sana kuegemea nguzo wakati wengine wanafyeka. Hilo la pili yeye alilikana kabisa.

Kazini walimpa suruali ndefu na buti. Nguzo alizitundika msumarini nyumbani, zikatulia hapo. "Jua kali namna hii, nivae buti? Nimekosa nini?" alisema. Basi alifyeka akiwa na kaptura na ndala.

Jioni alirudi na nguo zake za kazi, na vipande vya nyasi hadi kwenye nywele. Binti yake alimrukia hata kabla hajafika mlangoni. Mtoto huyo walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika tangu asubuhi mpaka usiku. Nguzo alimbeba, akamzungusha, kisha akavua shati na kulitupa kitandani. Chiriku alipenda kulivaa na kutembea nalo nyumba nzima, likiburuta sakafu.

Jioni moja Bibi, mama yake Nguzo, aliita kwa sauti kubwa.

"Njooni! Njooni muone!"

Nguzo na mkewe walitoka mbio. Walidhani ameona nyoka. Walimkuta Bibi amemlaza Chiriku mapajani, anamchana nywele. Alikuwa amekunja sikio la mtoto. Nyuma ya sikio kulikuwa na kidoa cheusi.

"Alama ya babu yake!" Bibi alisema, macho yanang'aa. "Marehemu alikuwa nayo papo hapo. Ewe mke mwenzangu, kumbe bwana wetu amekurithisha kimyakimya!"

Chiriku alicheka. Alizoea utani wa bibi yake. Nguzo naye alijaa furaha. Alimpenda sana baba yake, na sasa aliona kama mzee amerudi kidogo nyumbani.

Mama Chiriku alikunja uso. "Mbona nilipomwogesha asubuhi sikuiona?"

"Alama za ukoo wetu hutoka zinapojisikia," Bibi alijibu.

Kesho yake alama ilikuwa kubwa zaidi. Keshokutwa ikawa kama punje ya mtama.

"Inakua pamoja na mtoto," Bibi alisema.

"Mama, mtoto hajakua kiasi hicho tangu juzi," Mama Chiriku alisema. Alichukua tochi, akamsogelea binti yake na kutazama kwa muda. Kisha akauliza taratibu, "Mama, ile alama ya marehemu ilikuwa na miguu?"

"Miguu?"

"Ndiyo. Hii ina miguu. Naiona inachezacheza."

Nguzo aliinama akatazama. "Kupe!"

Aliwajua kupe. Kila siku huko kazini aliwabandua miguuni akawatupa, bila kuwafikiria tena. Sasa alielewa. Huyu alipanda kwenye nguo zake, akaja naye mpaka nyumbani, akamfikia mtoto. Alinyakua kiberiti.

"Namchoma, aachie!"

"Lete mafuta ya taa," Bibi alisema. "Tummwagie, atatoka mwenyewe."

"Hakuna anayemgusa mwanangu!" Mama Chiriku alisema. Alikwenda mbio nyumba ya pili, alikokaa muuguzi wa zahanati.

Chiriku peke yake hakuwa na wasiwasi. "Baba, huyu kupe anaitwa nani? Anakula nini? Analala sikioni kwangu?"

Muuguzi aliingia na kibano kidogo mkononi. Kitu cha kwanza alichokiona ni kiberiti. Nguzo alikificha mgongoni, lakini alikuwa amechelewa.

"Kaka, weka hicho mbali," muuguzi alisema. "Ukimchoma kupe, au ukimmwagia mafuta ya taa, anatema mate yake ndani ya ngozi ya mtoto. Mate hayo ndiyo yanayoweza kubeba vijidudu vya ugonjwa. Na moto utamchoma mtoto pia. Shikeni tochi, mtazame."

Alimshika kupe kwa kibano, karibu kabisa na ngozi. Hakumminya tumbo. Hakumzungusha. Alimvuta polepole, moja kwa moja, bila kumkata. Kupe akaachia, mzima mzima. Muuguzi alimtumbukiza kwenye kichupa cha spiriti. Aliosha sehemu ile kwa maji na sabuni, kisha akanawa mikono.

"Msimpasue kwa vidole," alisema. "Amekaa hapo tangu lini?"

Bibi alikohoa kidogo. "Tangu... tangu alipokuwa alama."

"Tangu juzi," Mama Chiriku alisema.

Muuguzi hakucheka. "Kupe akikaa muda mrefu mwilini, hatari inaongezeka. Lakini si kila kupe ana ugonjwa, kwa hiyo msiingiwe na kiwewe. Mwangalieni mtoto kwa wiki kadhaa. Akipata homa, kichwa kikimuuma, akitoka vipele, au pale alipoumwa pakiwa na kidonda cheusi, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo. Na mkifika, semeni kwamba aliumwa na kupe. Msiposema, tutajuaje?"

Nguzo aliketi chini. Urefu wote ulimwishia. "Nimemleta mimi, dada. Kwa nguo zangu."

"Basi wewe ndiye utakayemzuia mwingine," muuguzi alisema. "Kupe haruki, wala hana mabawa. Anapanda kwenye jani, ananyoosha miguu ya mbele, anasubiri. Ukipita na kaptura yako, anakushika. Vaa suruali ndefu ya rangi nyeupe au iliyopauka, utamwona akitembea. Ingiza suruali ndani ya soksi, soksi ndani ya buti. Paka dawa ya kufukuza wadudu kwenye ngozi iliyo wazi, kama maelezo ya kwenye chupa yanavyosema. Ukiwa na njia, pita katikati, usijisugue kwenye nyasi za pembeni."

"Na jua je?"

"Tafuta kitambaa chepesi. Joto utalivumilia. Ukirudi, vua nguo nje, usiziingize ndani. Zifueni kwa maji ya moto. Oga mara moja, kisha jikague. Nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kitovuni, kiunoni, kwenye mapaja, nyuma ya magoti. Kupe anapenda mahali pa kujificha."

Kuanzia siku hiyo nyumba ilikosa raha. Kila asubuhi Nguzo aligusa paji la uso la binti yake kabla ya kwenda kazini. Kila jioni aligusa tena. Chiriku aliimba, akauliza maswali, akagombana na bibi yake juu ya kitana. Nguzo alianza kushusha pumzi.

Kisha jioni moja alirudi akakuta kimya. Chiriku alikuwa amelala kwenye mkeka, hasemi neno. Nguzo alimgusa. Mwili ulikuwa wa moto.

Hakungoja hata kidogo. Alimbeba mgongoni, mkewe nyuma yake, Bibi nyuma ya mkewe. Walipofika zahanati, Nguzo alisema hata kabla ya salamu kwisha, "Daktari, mwanangu ana homa. Aliumwa na kupe, nyuma ya sikio."

Daktari alitazama sikio. Palikuwa na kidonda kidogo cheusi. Alimpima damu kuona kama ni malaria, na haikuwa malaria. Akampa dawa, akasema alale hapo waendelee kumwangalia.

Nguzo alikaa kwenye benchi, kichwa mikononi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akilini alimwona mtoto wake akivaa lile shati, akicheka, akiliburuta.

"Ni mimi," alimwambia mkewe.

"Ulileta bila kujua," Mama Chiriku alisema. Alimshika mkono. "Na leo umemwahisha kwa sababu unajua."

Kulikucha. Wakabaki naye, wakimpa dawa na maji. Homa ilianza kushuka, ikarudi kidogo, kisha ikaondoka. Chiriku alifumbua macho.

"Baba, nina njaa. Mbona unalia?"

"Silii."

"Unalia. Machozi yale pale, yanateremka. Bibi, si analia?"

"Analia," Bibi alisema, huku naye anajifuta macho kwa kanga.

Daktari alikuja akamgusa mtoto, akatabasamu. "Mmewahi. Na mlinisaidia sana mliposema habari ya kupe. Mmalizie dawa zote, hata akionekana mzima."

Nguzo alitoka nje, akaegemea ukuta, akacheka peke yake kwa furaha. Wapita njia walimtazama, naye hakujali.

Hatimaye buti zilishuka msumarini. Siku ya kwanza wafyekaji wenzake walipoona suruali imeingizwa kwenye soksi, waliangua kicheko. Walimwita bwana harusi. Nguzo aliwaeleza yaliyompata mtoto wake, na kicheko kikaisha. Baada ya muda mfupi kikosi kizima kikawa na soksi nje ya suruali.

Nyumbani sasa kuna kapu nyuma ya nyumba kwa ajili ya nguo za kazi. Kuna maji ya kuoga yanayomsubiri hukohuko. Anapofika, Chiriku hamrukii tena. Humngoja akaoge kwanza, kisha husimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, na hakuna anayepita.

"Inama."

Nguzo huinama.

"Sikio hili. Na hili. Inua mkono. Geuka. Magoti." Humtazama kila mahali, bila haraka, na Nguzo husubiri ametulia, urefu wake wote umekunjwa mbele ya mtoto.

"Hakuna kitu," Chiriku husema mwishoni, na kumpisha mlangoni. "Haya, baba. Ingia ndani."