Beseni la Mkate Lililooshwa

Mgeni alibisha hodi Jumanne alasiri. Mvua ya Oktoba ilikuwa ikichapa madirisha, na Leelo alikuwa amekaa kwenye benchi la joto kando ya tanuri, akitunga vipande vya matufaha kwenye uzi ili vikauke. Ilikuwa wiki ya likizo fupi ya shule. Bibi yake, Hilja, alikuwa akifuma soksi, na paka alikuwa amelala juu ya miguu yake kama mwenye nyumba.

"Huyo si wa kijiji hiki," Bibi alisema bila kuinua kichwa. "Wa hapa wangekuwa wameshaingia. Kafungue."

Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, koti limelowa mabegani.

"Samahani, hapa ndipo kwa Bi Hilja? Mimi naitwa Maret. Mama yangu ni Salme, aliyekulia ile nyumba ya kinuni."

Bibi aliacha kufuma. "Salme wa kinuni? Ingia, mwanangu, ingia. Vua hilo koti. Leelo, weka maji ya chai."

Maret alikunywa chai ya asali akaeleza shida yake. Siku Salme alipoolewa, zaidi ya miaka sitini iliyopita, mama yake Bibi Hilja alimpa chachu ya nyumba hii. Salme akahamia mjini nayo, na kila Jumamosi akawa anaoka mkate mweusi wa rai, nafaka inayofanana na ngano. Mwaka jana aliugua, chachu ikaota ukungu, ikatupwa. Sasa alikuwa ametoka hospitali, lakini kila sahani aliisukuma kando.

"Nikimletea mkate wa dukani ananiambia, 'Huu si mkate, huu ni sponji ya kuogea.' Anautaka ule wake. Nimeona haya kuja kuomba kwa watu nisiowajua."

"Haya ya nini? Chachu haiuzwi wala hainyimwi," alisema Bibi. Uso wake ulikuwa umeng'aa kwa namna ambayo Leelo hakuwa ameiona kwa siku nyingi. "Mjukuu wangu, lete beseni."

Leelo hakuinuka mara moja. Alifunga fundo kwenye uzi, akalifungua, akalifunga tena.

Beseni lenyewe lilikuwa la mbao za mwaloni, limefungwa kwa pete za mti. Lilikuwapo kabla Bibi hajazaliwa. Na kila mtoto wa kijiji kile alijua kwamba beseni la mkate halioshwi. Ukishamaliza kukanda unalikwangua, unanyunyiza chumvi, unalifunika kitambaa. Gamba la unga linalong'ang'ania kwenye mbao ndilo chachu yenyewe. Limelala tu, likingoja maji ya uvuguvugu na unga mpya. Tangu kifundo cha mkono wa Bibi kianze kuuma, kazi ya kulitunza ilikuwa ya Leelo.

Siku kumi na mbili kabla ya mgeni kuja, Leelo na rafiki yake Aive walitaka kutia rangi sufu ya kufumia glavu. Walichemsha maganda ya vitunguu mpaka maji yakawa mekundu kama machweo. Ndoo ya rangi ilikuwa bandani, nje kulikuwa na matope, na beseni lilikuwa pale pale jikoni. "Bibi yako yuko dukani, hatajua," Aive alisema. Wakamimina rangi humo, na sufu ikatoka na rangi nzuri ajabu. Beseni likatoka limebadilika rangi na kunuka kitunguu. Leelo, kwa hofu, alilisugua kwa maji ya moto na sabuni hadi mbao zikawa nyeupe. Hapo ndipo alipotambua alichokifanya.

Angeweza kusema siku ile ile. Badala yake alikoroga hamira ya paketi, unga wa rai na siki kidogo, akaupaka mchanganyiko huo ndani ya beseni na kuuacha ukauke. Jumamosi Bibi alikanda, akaoka juu ya majani ya kabichi kama kawaida. Mkate ulivimba haraka, ukakauka siku ya pili. Bibi alitafuna kipande chake polepole, kisha akautazama mkono wake wa kulia.

"Si unga," alisema. "Ni huu. Umezeeka, umesahau kazi."

Leelo alikuwa amekaa mbele yake na hakusema neno.

Sasa alilibeba beseni hadi mezani. Bibi alikwangua kwa kisu, akatia makombo kwenye chupa ya kioo, akaeleza kiasi cha maji na muda wa kungoja. Maret aliiingiza chupa ndani ya sweta, kifuani, isipate baridi.

"Sijui nikushukuruje. Mama atalia leo."

Gari liliondoka. Bibi alirudi kwenye kiti chake, akashika tena sindano za kufumia.

"Angalau nimefaa kitu," alisema. "Mkono hauwezi tena kuoka, lakini bado unaweza kugawa."

Leelo alihisi uso wake ukiwaka hadi masikioni. Alitamani benchi lile limmeze.

"Bibi," alisema. "Mkono wako hauna kosa. Niliosha beseni."

Alieleza yote: vitunguu, sabuni, hamira. Hakumtaja Aive. Alipomaliza, alingoja kukemewa, na kukemewa hakukuja. Bibi aliiweka soksi yake kando.

"Simu ile pale," alisema. "Namba yake ameiandika kwenye karatasi. Mpigie wewe."

"Bibi, tafadhali, nionee huruma. Mpigie wewe."

"Mimi sikuosha kitu."

Maret alipokea akiwa bado njiani. Leelo alisema maneno yake huku akiutazama ukuta. Upande wa pili ilisikika sauti ya vipangusio vya mvua kwenye kioo cha gari.

"Nimeshampigia mama," Maret alisema taratibu. "Nimemwambia ninayo."

Hakuongeza neno la hasira. Leelo aliweka simu chini akalia, na Bibi hakumbembeleza, ila alimsogezea kikombe cha chai.

"Lia, kisha usikilize," alisema. "Nimewahi kuwagawia watu watatu. Wawili wameshatangulia mbele ya haki. Wa tatu alikuwa mke wa Endel, wa kule kando ya ziwa. Mke amefariki, lakini nasikia mzee anaoka mwenyewe. Kesho nenda ukamwombe. Na umwambie kwa nini unaomba."

Leelo alijua maana yake. Mzee Endel alikuwa na ulimi kama wembe.

Asubuhi alikwenda kwa baiskeli, majani ya manjano yakinata kwenye magurudumu. Mzee alikuwa jikoni, amezungukwa na vikapu vya matufaha.

"Shikamoo, Mzee Endel."

"Marahaba. Wewe ndiye mjukuu wa Hilja? Umetumwa au umefukuzwa?"

"Nimekuja kuomba chachu."

"Chachu? Watu wa nyumba yenu ndio walionipa mimi. Tangu lini mto ukaja kuomba maji kisimani?"

Leelo alijibu kwa sauti ndogo. "Niliosha beseni."

Mzee aliweka mkono nyuma ya sikio, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Niliosha beseni la mkate. Kwa sabuni. Halafu nikamdanganya Bibi."

"Sabuni gani? Ya maua au ya kawaida?"

"Ya... ya limau."

"Aa. Basi limeenda peponi likinukia vizuri." Alicheka hadi akakohoa. Leelo aliangalia viatu vyake, akangoja. Mzee alipoona Leelo hacheki wala hakimbii, alitulia. Alifunua beseni lake dogo, akakwangua gamba la unga lililokauka, akalifunga kwenye kitambaa safi.

"Chukua. Hii ni yenu, mimi nilikuwa nimewatunzia tu." Mikono yake ilitetemeka alipokuwa akifunga fundo, na Leelo akaona matufaha mengi vikapuni yalikuwa yameanza kuwa na madoa. "Sasa nami nina shida. Kisu hakinitii tena. Jumamosi jioni njoo unimenyee haya, nipike jemu kabla hayajaoza. Utakuja?"

"Nitakuja," alisema Leelo.

Alikumbuka akiwa ameshafika njiani. Jumamosi jioni watoto wote wangekusanyika kwenye nyumba ya kijiji kutengeneza taa za maboga na kuzibeba hadi ziwani. Ilikuwa mara moja tu kwa mwaka.

Siku mbili baadaye unga ulikuwa umeumuka ndani ya beseni, ukitoa mapovu na ile harufu kali ya zamani. Bibi alimwambia Leelo akande mwenyewe. Mikate ilipotoka, Bibi aligonga chini ya mmoja kwa kidole, akakata kipande, akatafuna.

"Ndio huu," alisema. Kisha akamketisha Leelo kando yake kwenye benchi la joto.

"Kuosha beseni ni kosa la dakika moja, na nisingelikumbuka hadi Pasaka. Lakini kwa siku kumi uliniacha niulaumu mkono wangu, ukaona ninavyojilaumu, ukanyamaza. Hilo ndilo lililonichoma. Anayeficha kosa lake, mjukuu wangu, hulitua mgongoni kwa mwingine. Ukikosea tena, na utakosea, njoo siku ile ile."

"Nitakuja, Bibi."

Maret, aliyepigiwa simu tena, alikuja Ijumaa hiyo hiyo kuchukua mkate mzima na chachu ya kweli. Leelo alimkabidhi kwa mikono miwili na kumwomba radhi uso kwa uso. Usiku ule simu ililia: Salme alikuwa amekula vipande viwili, kisha akalalamika kwamba siagi ni kidogo.

Jumamosi Aive alipita mapema, boga kwapani.

"Unakwenda kwa yule mzee? Leo? Hata hakumbuki leo ni siku gani."

"Mimi nakumbuka."

"Basi nenda kesho."

"Nilisema leo."

Aive aliguna akaenda zake.

Jikoni kwa Mzee Endel kulikuwa na joto na harufu ya mdalasini. Leelo alimenya, mzee akakoroga sufuria. Ilipofika saa kumi na mbili giza lilikuwa limeshaingia, na dirishani ukapita mstari mrefu wa taa za rangi ya chungwa, zikiyumba kuelekea majini. Vicheko vilisikika hadi ndani.

"Wenzako wale," alisema mzee.

"Ndio wao."

"Ukikimbia utawafikia."

Leelo alizitazama taa hadi ya mwisho ilipopotea nyuma ya miti. Kisha akainama, akachukua tufaha jingine.

"Bado vikapu viwili, Mzee," alisema.