Kichupa cha Rafu ya Juu

Asubuhi ile kiti cha mbele kilikuwa na joto kabla mtu yeyote hajakikalia.

Mbaluka aligundua alipoinama kufuta dashibodi, mkono wake ukaegemea kiti cha abiria. Gari lilikuwa limelala nje ya nyumba yao mtaani Mbotela, Nairobi, madirisha yamefungwa, umande ungali juu ya bodi. Kiti cha dereva kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Cha abiria kilikuwa na lile joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akakigusa tena kwa kiganja, akainua macho kutazama kichupa kilichoning'inia kwenye kioo cha kati cha kutazamia nyuma, na badala ya kuogopa, akatabasamu.

Hilo lilikuwa kosa lake la pili. La kwanza alikuwa amelifanya Eastleigh, dukani kwa Jawahir.

Ulikuwa mwaka wa mvua ya El Nino. Maji yaliingia kila mahali, yakaingia pia katika Peugeot nyeupe kuukuu ambayo Mbaluka aliifanyia kazi ya teksi. Zulia la sakafuni likaoza. Juu ya uozo huo akabeba magunia ya omena, dagaa wakavu, ya kina mama wa sokoni, kwa kuwa abiria walikuwa wachache, na basi gari likanuka hata madereva wenzake wakamfanyia mzaha.

"Wewe Mbaluka, humo ndani kuna abiria ama kuna maiti?"

Mzaha wa madereva aliuvumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni mke wake. Ndunge alikuwa na mimba ya kwanza, nzito, karibu kuzaa, na kila alipofungua mlango wa gari alirudi nyuma akitapika.

"Siingii humo," alisema. "Afadhali nitembee mpaka hospitali nikizaa njiani."

"Nitaliwekea marashi."

"Tafuta harufu nisiyoisikia. Nikiisikia tu, nashuka."

Ndipo Mbaluka akaenda Eastleigh. Jawahir alikuwa mama wa Kisomali mwenye duka jembamba la udi na mafuta ya kunukia, na alikuwa ameanza kuuza vichupa vya gari: kioo kidogo kama kidole gumba, kizibo cha mti, na kamba ya kutundikia. Mafuta hupanda ndani ya mti kidogo kidogo, jua likipiga mti hutoa pumzi, na gari zima hunukia.

"Kwanza osha gari," Jawahir alimwambia. "Harufu nzuri juu ya uvundo ni uvundo wa pili. Halafu usichague wewe. Mwenye mimba ndiye achague. Mlete."

"Hawezi kupanda gari, mama. Ndiyo maana nimekuja."

Jawahir akacheka. Akampangia vichupa juu ya meza: waridi, asumini, karafuu, mchaichai. Akamwekea na kisahani cha buni ya kunusa katikati ili pua ipumzike. Mbaluka akanusa hiki, akanusa kile, akachanganyikiwa. Kisha, kama mtu anayeitwa kwa nyuma, akainua kichwa.

Kwenye rafu ya juu, peke yake, palikuwa na kichupa kilichofungwa kwa kitambaa cheusi.

"Na kile?"

"Kile hakiuzwi," Jawahir alisema, na uso wake ukabadilika. "Niliachiwa na mama yangu nikitunze. Kazi yangu ni kukitunza. Wewe chagua hivi."

Adhana ikalia. Jawahir hakuwa mtu wa kufukuza wateja kwa sababu ya sala, wala wa kuwashuku. Alimwambia aendelee kunusa, asiiharakishe pua, akaingia nyuma ya pazia.

Mbaluka alinyoosha mkono. Alitaka kunusa tu. Alilegeza kitambaa, na mara akasimama pale dukani huku machozi yakimtoka, kwa maana alichokinusa kilikuwa mama yake. Moshi wa kuni, sabuni ya kipande, tumbaku ya kunusa aliyoificha kwenye ncha ya leso. Mama yake, Kalekye, alifariki huko Kitui wakati Mbaluka yuko safarini Mombasa na abiria, na barua ya simu ilipomfikia, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Hakumuaga. Sasa alikuwa hapa, katika kioo.

Jawahir alipotoka kusali, alikuta mteja ameondoka na malipo ya kichupa cha waridi yako mezani. Hakutazama juu. Kichupa cha waridi ndicho kilichokuwa kwenye rafu, ndani ya kitambaa cheusi.

Ndunge alipofungua mlango wa gari siku ile, alisimama, akavuta pumzi, akavuta tena. Kisha akaketi kiti cha nyuma, mahali alipopenda.

"Umechagua vizuri," alisema kwa mshangao. "Haina harufu kabisa. Hata omena imekwisha."

"Husikii kitu? Moshi? Sabuni?"

"Kitu gani? Hapa ni kama hewa ya asubuhi."

Mbaluka akafurahi. Hakujiuliza kwa nini. Mke wake alikuwa mtu mwenye bahati ambayo watu wengi hawana: wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na hata babu na bibi zake walikuwa wangali wanalima. Ndunge hakuwa amewahi kumzika mtu wake.

Kisha joto la kiti likaanza. Kisha springi. Mbaluka akikata kona, kiti kitupu kililia kama kinachobeba uzito unaoegemea. Mafuta ndani ya kichupa hayakupungua. Naye akaanza kuongea. Akiwa peke yake njiani alisema, "Mwaitu," maana ndivyo Mkamba anavyomwita mama yake, "leo jua ni kali." Na harufu ilizidi, kama jibu.

Aliyejaribu kumwamsha ni Phares, karani wa reli, mzee mpole kutoka magharibi mwa Kenya ambaye Mbaluka alimchukua kila jioni kutoka kazini. Siku hiyo Phares aliketi nyuma. Walipofika barabara ya Jogoo Road aliinamia bega la dereva, akanong'ona.

"Huyu mama hapo mbele hashuki?"

"Mama gani, mzee?"

"Usicheze na mimi. Tangu tutoke kule ananitazama kwa kile kioo." Akanyoosha kidole kwenye kichupa. "Na hiyo dawa umetundika hapo. Toa. Mimi nimenusa blanketi ya mtoto wangu Okinyi. Ile tulimzika nayo."

"Ni marashi tu."

"Marashi hayajui blanketi ya mtoto wangu! Simamisha gari, ndugu yangu. Nitatembea."

Phares aliteremka kwenye matope, na kabla ya kufunga mlango akasema kwa sauti ya chini sana, "Mke wako ni mjamzito. Watu wa aina ya huyo mama hawakai bure kwenye gari. Wanangoja kitu."

Mbaluka alimwona akienda bila kutazama nyuma. Akili yake ilimwambia akate kamba, atupe kichupa mtaroni. Mkono wake ulifika kwenye kamba. Harufu ya tumbaku ikamjaa puani, laini, ya kusihi, na mkono ukashuka wenyewe. Nani anaweza kumwacha mama yake mara mbili?

Ndunge alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti kali iliyosikika mpaka nje ya wodi. Mbaluka alipowafuata aliwapeleka garini akiwa amelewa furaha. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zote za watoto wazima wa afya, ngumi zimekunjwa, na wauguzi mlangoni wakacheka.

Hapa inafaa msomaji aelewe jambo moja. Kwa Wakamba mtoto hapewi jina siku anapozaliwa. Hungojwa, mpaka wanawake wazee wakutane wamtaje. Kabla ya hapo, wazee wa zamani walisema, mtoto bado ni wa upande ule mwingine. Ni kama nyumba ambayo mlango haujawekwa komeo. Jina ndilo komeo. Mbaluka alilijua hilo. Lakini alikuwa Mkristo wa mjini, na alizihesabu hizo kuwa habari za bibi, na zaidi ya yote alikuwa mwana aliyetaka kumfurahisha mama yake, basi alipoketi nyuma ya usukani, na harufu ikamzunguka kama mikono, aligeukia kile kiti kitupu cha mbele, wala hakugeukia mtoto, akasema kwa machozi, "Mwaitu, amefika. Huyu ni wewe. Jina lako limerudi. Karibu nyumbani, Kalekye."

Springi za kiti cha mbele zililia mara moja na kunyanyuka, polepole, jinsi kiti kinavyonyanyuka mtu mzito anapoinuka, na kitu baridi kikapita katikati ya viti kuelekea nyuma, hata Ndunge akavuta shuka na kusema, "Funga dirisha," ilhali madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza katikati ya kilio, kama redio iliyozimwa.

"Ameshalala," Ndunge akanong'ona. "Amependa gari la babake."

Hakulia tena. Hakulia njaa, hakulia maji ya kuogea. Alinyonya huku amefumbua macho, akimtazama mama yake usoni kama mtu anayesoma ramani. Siku ya jina, Kaluki, mama yake Ndunge, alifika kutoka kwao pamoja na wanawake wengine wawili. Akampokea mjukuu, akamfungua nguo, akamwosha, akamwinua. Chumba kilikuwa kimejaa vicheko na harufu ya chai.

"Tumwite nani?" wenzake wakauliza.

"Kalekye," akasema Kaluki, "aliyetutangulia—"

Mtoto aligeuza kichwa lilipotajwa jina, kabla bibi hajamaliza. Alikigeuza chote, imara, shingo isiyoyumba, jambo ambalo hakuna mtoto wa umri ule anayeliweza. Mwanamke mmoja akaangusha kikombe.

Kaluki alimshusha mjukuu kitandani taratibu sana, kama mtu anayeweka chini yai ambalo limeanza kulia ndani.

"Nani alimtaja huyu mtoto kabla yetu?" aliuliza kwa kunong'ona. "Mbaluka. Mwanangu. Nani?"

Ndipo Mbaluka akasema yote: Eastleigh, kitambaa cheusi, kiti, mzee Phares. Ndunge alisikiliza amekaa wima. Mwisho akasema, "Tupeleke kwa huyo mama. Sasa hivi."

Jawahir alipokiona kichupa mkononi mwa Mbaluka, hakumtukana. Alifunga mlango wa duka mchana ule mweupe, akawasha udi, akasoma Kurani kwa muda mrefu mkono wake ukiwa juu ya kioo, kisha akatoka na maji ya waridi akalinyunyizia gari ndani na nje, viti vyote. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Hicho kitu kimetoka?" Mbaluka akauliza.

"Garini hamna kitu. Hamna ubishi, hamna kelele." Alipangusa mikono. "Sikupenda vile imekuwa rahisi."

"Na mama yangu?"

Jawahir alimtazama kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Hajawahi kuwa mama yako. Hili ni jini, halina mama. Linavaa harufu ya marehemu wa kila mtu, kama koti la kuazima. Kila anayenusa hapa hunusa aliyemzika. Asiye na marehemu hanusi kitu."

Mbaluka alinusa kichupa. Hakuna moshi, hakuna tumbaku. Moyo wake ulipasuka, na papo hapo ukatulia. "Imeisha," alisema. "Asante Mungu. Hainuki."

"Wewe halina haja nawe tena," Jawahir akasema polepole. Akachukua kichupa, akamgeukia Ndunge aliyekuwa amempakata mtoto. "Dada, wewe ulikuwa hunusi kitu. Nusa. Ukikosa harufu, nendeni kwa amani."

Ndunge aliinama.

Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mtaani nje mtu alikuwa akiuza viazi vya kukaanga, akiita wateja, na sauti yake ilisikika kama ya nchi nyingine.

"Maziwa," Ndunge akasema. "Maziwa yaliyochachuka kidogo. Na ile... kichwa chake. Utosi wake, vile ulinuka usiku ule wa kwanza hospitalini, kabla tutoke. Mbaluka, mbona ni mtoto wangu ananuka huku ndani?"

Taratibu Ndunge alishusha uso wake juu ya kichwa cha mtoto aliyempakata, akavuta pumzi ndefu, akatafuta, akavuta tena, kama alivyofanya siku ile mlangoni mwa gari. Palikuwa kama hewa ya asubuhi. Mtoto alimtazama akifanya hivyo, kwa subira.

Jawahir alinyoosha mkono achukue kichupa akirudishe juu. Ndunge alikuwa ameshakitia kifuani, ndani ya nguo.

"Dada, hicho hukirudishi nyumbani."

"Nikuachie mtoto wangu rafuni?"

Jawahir alifungua mlango wa duka. Na huyu mwingine wangemfanya nini? Alikuwa na uso wa Mbaluka na vidole vya Ndunge, na mtaa mzima ulikuwa umeshampongeza. Mbaluka akafungua mlango wa nyuma, kama ilivyokuwa kawaida ya mke wake, Ndunge akaingia na kile kitu mapajani. Gari halikwenda hata hatua. Mtoto alianza kulia, mara ya kwanza tangu hospitalini, kilio kizito cha mtu mzima aliyekatazwa haki yake, akajinyonga na kupinda mgongo, na hakunyamaza kwa titi wala kwa kubembelezwa, wala Mbaluka alipomsihi, "Kalekye, tafadhali, Kalekye."

Mwishowe Ndunge alishuka, akazunguka, akaketi naye kiti cha mbele.

Mtoto akanyamaza. Akajilaza, akashusha pumzi, akafumba macho, kama mtu aliyefika kwake.