Vijiko Kumi na Viwili

Asubuhi, kabla sijavaa sare, kazi yangu ilikuwa kuwanywesha maji vifaranga sitini wa shangazi. Banda lile ndilo lililotulisha sisi wawili, na shangazi alilitunza kama mboni ya jicho. Mimi shuleni niliitwa Kikokotoo, maana nilimaliza hesabu wenzangu wangali wanachonga penseli. Siri yangu ilikuwa nyepesi: nikiona neno "kila" kwenye swali, nazidisha, basi. Kusoma hadi mwisho niliwaachia wazembe.

Jumatatu shangazi alileta dawa ya kuzuia vifaranga wasiharishe, akaniambia nimsomee maelekezo kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika. Yaliandikwa: kijiko kimoja kwa kila lita mbili za maji. Ndoo yetu ilikuwa ya lita sita. Sita mara mbili, kumi na mbili. Nikatia vijiko kumi na viwili, maji yakawa na rangi ya kutu, nikaenda zangu shule.

Niliporudi, banda lilikuwa kimya. Siku zote kelele zao nilizisikia tangu njiani. Walikuwa wamejikunyata kwenye kona, mabawa yameshuka, na wanne hawakuinuka kabisa. Shangazi alisema ugonjwa umeingia, hivyo kesho mchana angewapa dawa ileile tena. Akaniuliza nilitia vijiko vingapi, nikamwambia kumi na viwili.

Kesho yake mwalimu wa hesabu alirudisha madaftari. Swali lilikuwa hivi: lita thelathini za mafuta zimetiwa kwenye madumu, kila dumu lita tano; madumu ni mangapi? Nilikuwa nimejibu mia moja na hamsini. Mwalimu aliniuliza madumu yote hayo nitayapanga wapi, akaniambia nichore. Nikachora, yakatosha sita tu. Kisha nikachora ndoo yetu: lita mbili, kijiko, lita mbili, kijiko, lita mbili, kijiko. Vitatu.

Niliomba ruhusa nikatoka mbio. Njiani nilitunga uongo: ningesema maelekezo yalikosewa, shangazi angejuaje bila miwani? Nikamkuta ameinamia ndoo, anahesabu kijiko cha nane.

"Mwaga, shangazi," nikasema. "Si ugonjwa, ni mimi. Vilitakiwa vitatu tu."

Akaimwaga ndoo yote. Mchana kutwa tuliwanywesha maji safi mmoja mmoja kwa kifuniko cha chupa. Mpaka Alhamisi ndipo waliobaki walipoanza kupiga kelele. Waliokufa shangazi aliwapanga juu ya gunia, akaniambia niwahesabu.

"Kumi na watano."

"Kati ya sitini, hiyo ni sehemu gani?"

"Robo," nikajibu huku nalia.

"Hiyo umepata. Mwanangu, soma swali hadi mwisho, lichore, halafu jiulize kama jibu linaingia akilini. Na ukikosea, sema. Hao robo tatu wako hai kwa sababu ulisema."

Kisha akanipa jembe, nikachimba shimo mwenyewe.