Kihenge cha Mtu Mmoja

Kupika ugali wa mtu mmoja ni kazi. Maji yakizidi kidogo, unakuwa uji. Unga ukizidi kidogo, ugali unabaki, na kesho yake unakuwa mgumu. Karibu maisha yake yote Verdiana alikuwa amepika ugali wa watu wengi. Sasa alikuwa anajifunza upya, akiwa na mvi kichwani.

Mumewe, Werema, alifariki kabla ya watu kuhamia vijijini. Binti zao waliolewa mbali. Susana, mke mwenzake, alivuka mpaka akaenda kukaa kwa mwanawe Kenya. Lori lilipokuja kuwahamisha watu kwenda kijiji cha ujamaa cha Mbalibali, Verdiana alipanda peke yake. Alibeba vyungu, jembe, jiwe la kusagia na kihenge chake.

Kihenge hicho kilikuwa kikapu kikubwa cha fito, kilichosukwa na kukandikwa samadi. Kilisimama juu ya miguu ya mti. Juu kilifunikwa kwa paa la nyasi, kama mtu aliyevaa kofia. Ndani yake Verdiana alihifadhi ulezi ukiwa bado kwenye masuke. Alipotaka kusaga, alitoa masuke kidogo, akayapura.

Nyumba za kijiji kipya zilipangwa kwa mistari. Kulia kwa Verdiana alikaa Philomena, mwanamke wa maneno mengi na watoto wengi. Walisalimiana kila asubuhi. Baada ya salamu, kila mmoja aliingia kwake.

Mwaka wa kwanza, ulezi wa Verdiana uliisha mapema. Mavuno yalikuwa bado mbali. Alikula mihogo, kisha akala mboga bila ugali. Kaka yake, Nyangwine, aliyekuwa akilima kijiji cha Nyarero, alisikia habari. Alikuja kumwona.

"Dada, umekonda," alisema.

"Nimezeeka tu."

"Hapana. Sikiliza. Mwaka huu nakuacha. Mwakani ukikosa chakula tena, nitakuja kukuchukua. Utakaa kwangu."

Nyangwine alisema hivyo kwa upendo. Lakini Verdiana alijua maana yake. Angekaa kwenye jiko la mke wa kaka yake. Angeomba chumvi. Angeuliza kabla ya kuinua chungu. Nyumba yake ingebomoka, na kaya ya Werema ingekwisha.

Mwaka wa pili Verdiana alilima kwa bidii. Alivuna vizuri. Kihenge kilijaa mpaka juu. Lakini kabla ya miezi mingi kupita aliona kwamba ulezi unashuka haraka. Yeye alikula kidogo. Kuna mwingine aliyekuwa akila naye.

"Panya," alisema peke yake.

Hakumwambia mtu. Kwao haikuwa desturi kuchungulia kihenge cha mwenzako. Ukichungulia, utajua mwenzako amebakiwa na nini, na hilo ni jambo la nyumba yake. Basi kila nyumba ilinyamaza na kihenge chake.

*

Siku moja bibi maendeleo alifika kijijini. Jina lake Agustina. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amefundishwa kujenga ghala jipya la udongo. Ghala hilo lilikuwa limefungwa kabisa juu, na chini lilikuwa na tundu dogo. Ukifungua tundu, nafaka inamiminika yenyewe kwenye ungo. Panya hapati pa kuingilia.

Alijenga ghala dogo la mfano karibu na ofisi ya kijiji. Wanawake walikuja kutazama. Agustina alijaza mahindi yaliyopukuchuliwa, akafungua tundu. Mahindi yakamiminika. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Sasa tujaribu kwa chakula chenu," alisema Agustina. "Nani ana ulezi?"

Verdiana alileta masuke kwenye ungo. Wakayatia. Agustina akafungua tundu. Hakikutoka kitu. Akatia kijiti, akachokoa. Yalitoka masuke machache, kisha yakakwama tena.

"Bibi maendeleo," alisema Philomena, "ghala lako limefunga choo! Litafutie dawa!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Agustina naye alicheka.

"Kweli limefunga choo," alisema. "Aliyelibuni alikuwa anafikiria mahindi. Hakuwaona ninyi. Je, hamwezi kupura ulezi wote kwanza, ndipo mhifadhi?"

"Ukiwa kwenye masuke unakaa miaka," alisema Verdiana polepole. "Na kupura shamba zima kwa siku moja, mimi nitasaidiwa na nani?"

Agustina alimtazama. Wanawake walipotawanyika, alimfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, sitaki kukuletea ghala jingine la kukwama. Naomba nije kwako nione unavyotoa ulezi. Nikishaona, tutatengeneza kitu pamoja."

Verdiana alisimama. "Kihenge cha mtu hakichunguliwi, mwanangu."

Agustina alifikiri. "Basi nitageuka. Nitakupa mgongo. Nitasikiliza tu."

Verdiana hakuwahi kuombwa jambo kama hilo. Alishindwa kukataa.

*

Kihenge kilisimama kando ya ukuta wa nyumba, chini ya upenu. Agustina aligeuka akatazama barabara. Nyuma yake alisikia Verdiana akivuta pumzi. Alisikia nyasi zikikwaruza. Alisikia mguno. Kisha kimya, kisha mguno tena. Baadaye alisikia masuke yakianguka kwenye ungo.

"Tayari," alisema Verdiana. "Geuka."

"Mama, sikusikia paa likirudi chini."

Agustina aligeuka. Paa la kihenge lilikuwa limeinuka upande mmoja, na mti mfupi ulikuwa umelitegemeza.

"Mti huo unakaa hapo siku zote?"

"Unakaa."

"Kwa nini huuondoi?"

"Nikiuondoa, kesho paa nitaliinua na nani?" Sauti ya Verdiana ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. "Zamani Susana aliinua, mimi nikatoa. Zamu yake ya kutoa, mimi niliinua. Kihenge hiki ni cha watu wawili."

Agustina aliugusa ukuta wa nyumba.

"Na kwa nini umekiweka karibu hivi na ukuta?" aliuliza.

"Mimi nalala nyuma ya ukuta huu. Mwizi akija, nitasikia."

"Je, panya wanapita wapi?"

"Kwenye miguu. Panya hupanda."

"Inawezekana. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini tusidhani. Tuwaulize wenyewe."

Agustina aliomba majivu. Waliyachunga kwa kitambaa mpaka yakawa laini. Jioni walinyunyiza majivu chini, kuzunguka miguu ya kihenge. Kisha wakanyunyiza mengine juu, kwenye ukingo ambapo paa lilikuwa limeinuka.

Asubuhi Agustina alirudi. Chini kwenye majivu kulikuwa na alama za kuku tu. Juu kwenye ukingo kulikuwa na nyayo ndogo nyingi, na mstari mwembamba wa mkia. Zilianzia upande wa upenu.

Verdiana alizitazama. "Wanashuka kutoka nyumbani kwangu mwenyewe," alisema. "Halafu wanapita mlango niliowafungulia mimi."

"Hukuwafungulia, mama. Ulikuwa peke yako."

*

Agustina alieleza wazo lake. Kihenge kihamishwe mbali na ukuta, mahali ambapo panya hawezi kuruka kutoka kwenye upenu. Paa lifungwe moja kwa moja, lisiinuliwe tena. Ubavuni kitobolewe mlango mdogo ambao mtu mmoja anaweza kuufungua.

"Ukikata fito, kihenge chote kitafumuka," alisema Verdiana.

"Huenda. Kwa hiyo tusianze na chako. Tupate kibovu, tukikiharibu tusilie."

Philomena alikuwa na kihenge cha zamani ambacho kuku walikuwa wakitagia ndani yake. Alikileta huku akilalamika kwa niaba ya kuku. Walikijaza masuke, wakatoboa tundu karibu na chini. Masuke yalimwagika yote mara moja. Walitoboa jingine ubavuni, lakini fito zikaanza kuachana. Agustina alikaa chini akatazama tundu hilo kwa muda mrefu.

"Mimi ningezungushia pete," alisema Verdiana. "Kama tunavyoanza kusuka kikapu."

Alikunja fito mbichi zikawa duara. Alilikaza kwenye tundu kwa kamba za magome ya mti, akafunga kila ncha iliyokatwa. Pete ilishika. Kisha akasuka kifuniko kikubwa kuliko tundu, akakikandika samadi iliyochanganywa na majivu.

"Mlango uwe usawa wa kifua," alisema Agustina.

"Na ulezi ukishuka chini ya mlango?" aliuliza Philomena. "Mama huyu aingize kichwa, miguu ibaki nje?"

Walicheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Basi waliamua kuweka milango miwili. Wa juu ungetumika kwanza. Wa chini ungebaki umekandikwa mpaka ulezi ufike huko.

Sasa ikabaki kuhamisha kihenge cha Verdiana. Kilikuwa kizito. Ilibidi kimwagwe kwanza, na ilibidi majirani waje kusaidia. Verdiana alijua kwamba wote wangeona ulezi uliobaki. Alisimama mlangoni, kisha akaenda kutandika mkeka.

Ulezi ulimwagwa kwenye mkeka. Ulikuwa umebaki kidogo. Kati yake kulikuwa na makapi na mavi ya panya. Verdiana aliinama akaanza kuchambua, uso wake chini.

Philomena aliinama kando yake. Alichambua kwa muda bila utani wowote. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Cha kwangu ni kibaya kuliko hiki, mama. Sikujua nimwambie nani."

Mwanamke mwingine akasema, "Na cha kwangu."

Kumbe kila nyumba kwenye mstari ule ilikuwa ikiliwa, na kila nyumba ilikuwa ikinyamaza.

Kihenge kiliwekwa katikati ya uwanja. Kila mguu walifungia bati la debe kuukuu, lililokunjwa kama kofia iliyoinamia chini.

"Lakini miguuni hawakupita," alisema Verdiana.

"Kwa sababu njia ya juu ilikuwa rahisi," alijibu Agustina. "Tumeifunga. Sasa watatafuta nyingine."

Kwa muda waliendelea kunyunyiza majivu. Panya walikuja mpaka chini ya mabati, wakazunguka, wakarudi. Mlango wa juu ulikuwa ukikwama wakati wa mvua. Verdiana alipunguza ukingo wa kifuniko. Agustina alipopita tena, hakumwonyesha la kufanya. Alimwomba amweleze alivyofanya, apate kuwaeleza watu wa vijiji vingine.

*

Miezi ya njaa ilifika. Verdiana alifungua mlango wa chini. Aliendelea kupika ugali wa mtu mmoja.

Ulezi mpya ulipoanza kuiva mashambani, Nyangwine alikuja. Alibeba kamba za kufungia mizigo. Hakuzificha.

"Karibu, kaka. Kaa."

Verdiana alisonga ugali wa watu wawili. Alikosea kidogo maji, akaongeza unga. Nyangwine alinawa, akamega tonge.

"Ulezi huu amekukopesha nani?"

"Ni wangu."

"Mmevuna tayari?"

"Bado. Ni wa mwaka jana."

Nyangwine alimega tonge jingine. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Usiku alilala. Asubuhi alizichukua kamba zake, na dada yake akamsindikiza mpaka barabarani.

"Mke wangu ameshakuandalia mahali," alisema Nyangwine.

"Mwambie nimeshukuru. Nitakuja kuwatembelea."

"Dada, huogopi kukaa peke yako?"

"Naogopa, kaka. Lakini naogopa nikiwa kwangu."

Nyangwine alitikisa kichwa, akaondoka. Verdiana alisimama akimtazama mpaka barabara ikawa tupu. Kisha akarudi taratibu.

Philomena alikuwa amekaa mlangoni kwake, kisu mkononi na fito mbichi miguuni.

"Umechelewa, mama," alisema. "Leo ni zamu ya Efrazia, yule mjane wa nyumba ya mwisho. Jana alikubali tukamtobolee mlango. Lakini anasema kihenge chake atakufungulia wewe tu."