Gari Lisilo na Beji

Siku ya soko Thika ilikuwa imefurika watu Muthoka alipoegesha pikipiki mbele ya duka la vitambaa, suruali ya kazi imepasuka gotini. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nane. Kijana huyu wa Kikamba aliajiriwa na chama cha wenye magari kuzunguka barabara ya Nairobi akiwasaidia walioharibikiwa. Kazi yenye faida, nani atabisha? Ila msaada ulikuwa wa wanachama tu, na mwanachama alijulikana kwa beji ya shaba mbele ya gari lake.

Ngendo, binti wa Ruiru aliyeshona kwa cherehani pale barazani, gauni la maua mekundu likimkaa vizuri, alimtazama toka kofia hadi buti.

"Bwana Barabara, umepigana na nani?"

"Na jeki. Imenishinda."

"Keti basi. Ukitikisika nitashona na ngozi."

Mapenzi hayana breki. Tangu hapo simu ya duka haikutulia.

"Haloo, mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Fanya kazi wewe, utafutwa!"

Wazee wa pande zote mbili wakakubaliana, harusi ikangoja mavuno.

Ndipo Wamboi, mamake Ngendo, akashikwa na tumbo. Mjomba Kagwe akampakia kwenye pikapu yake kuukuu kumpeleka hospitali ya Thika. Walipovuka tu mto Ruiru, mkanda wa feni ukakatika, injini ikachemka. Ngendo alisimama kando akipunga leso. Akaiona pikipiki ya Muthoka, moyo ukamtulia. Muthoka alitupia jicho mbele ya pikapu, akampigia saluti mzungu aliyekuja na gari lenye beji, akapita mbio.

Wamboi alikata roho kabla hawajapata gari lingine.

Baada ya mazishi Muthoka alimkuta Ngendo jikoni kwao, amevaa nyeusi, macho yamevimba.

"Ngendo, niliitwa Juja. Gari lilipinduka, mama mmoja akabanwa ndani. Nilimtoa akiwa hai. Sikukuona, haki ya Mungu."

"Gari letu uliliangalia?"

"Niliangalia."

"Uliangalia nini?"

Angeweza kudanganya, na mimi nisingemlaumu sana. Lakini alimpenda.

"Beji. Haikuwako. Nikiwa barabarani siku hizi siangalii nyuso za watu."

"Ngai, Mungu wangu!" Ngendo alijishika kifua. "Nilimwambia mama, nyamaza, huyo ni Muthoka anakuja."

Muthoka akalia bila kujificha. "Nitaacha hiyo kazi. Leo hii."

"Usiache. Huyo mama wa Juja pia ana watoto."

"Basi nifanye nini, mpenzi?"

"Nakupenda, Muthoka, sitakudanganya. Lakini siwezi kuolewa na wewe. Waambie wazee wenu wasije."

Alimmiminia chai, wakanywa mpaka chai ikaisha. Kisha akajifunga leso, akamsindikiza hadi barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni.