Laptopu Mbili na Nembo Moja

Nyumbani kwa Dorkasi, pale Ihumwa, kila kitu kina kitambaa chake. Redio ina kitambaa. Runinga ina kitambaa. Makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi. Hata ndoo ya maji ya kunywa imefunikwa kitambaa chenye maua pembeni. Mumewe, Yotham, ambaye ni fundi mwashi, husema kwamba siku akilala mchana bila shuka, ataamka amedariziwa.

Dorkasi hajali utani huo. Kudarizi ndiyo kazi yake. Alifundishwa na mama yake, Bi Ruthu, kwa sindano na uzi, alipokuwa msichana kule Hombolo. Siku hizi anatumia mashine. Katika chumba kinachotazama barabara ana mashine ya kudarizi, na kando yake ana laptopu ya Windows. Kwanza anachora nembo kwenye laptopu, kwa programu aliyouziwa pamoja na mashine. Kisha anaihamisha nembo kwa flashi mpaka kwenye mashine. Mashine inashona yenyewe, iwe ni jina la shule, mwenge, msalaba au kitabu.

Laptopu nayo ina kitambaa chake, tena kizuri kuliko vyote. Bi Ruthu alikidarizi kwa mkono. Ni kinene, cha tabaka mbili, na kina vichala vya zabibu za zambarau na majani yake. Dorkasi aliiweka laptopu juu ya kitambaa hicho tangu siku ya kwanza. Upepo ukivuma, anakunja pembe zake na kuufunika ubavu wa laptopu ili vumbi lisiingie. Mtu wa Dodoma anajua vumbi ni nini.

Mwezi wa sita ulipokaribia kwisha, baridi ilianza kuuma. Mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani alikuja na mzigo wa sweta. Alitaka nembo mia mbili.

"Mama, shule inafunguliwa Jumatatu ijayo," alisema. "Mwaka jana fundi mwingine alituchelewesha. Watoto walitetemeka wiki mbili nzima. Ukiwahi, kazi zote za shule yetu ni zako."

"Nitawahi, mwalimu," alisema Dorkasi.

Alisema hivyo kwa mdomo, lakini moyoni hakuwa na uhakika. Laptopu yake ilikuwa inajikokota. Aliiwasha, akaenda kusonga ugali, akarudi, akakuta bado inazungusha kile kiduara chake. Alipoanza kuchora nembo ilikwenda vizuri kidogo, kisha ikawa nzito. Siku ya Jumanne ilizima yenyewe katikati ya kazi. Nembo yote ikapotea. Dorkasi alikaa akaitazama kwa hasira, kisha akalia.

Jumatano jioni alikuja Anitha, dada yake Yotham, ambaye anafanya kazi ofisini kule Mtumba. Alikuwa amebeba begi jembamba begani.

"Wifi, bado unahangaika na hilo gunia?" aliuliza, huku akiinyooshea kidole laptopu.

"Nifanyeje, wifi? Ndilo nililonalo."

Anitha akafungua begi. Akatoa laptopu ya Mac, ya rangi ya fedha. Akaifunua, na kabla Dorkasi hajamaliza kuvuta kiti, ilikuwa imekwisha kuwaka.

"Mimi nachukua nyingine mpya," alisema Anitha. "Hii nitakuachia kwa bei ya ndugu. Haijikokoti. Chaji inakaa kutwa. Na Mac haiingiwi na virusi hata siku moja. Tena hilo gunia lako nimekwisha kulipatia mteja. Kuna mama mmoja wa kwaya yetu anatafuta kompyuta ya kuandikia barua. Atakuja kulichukua keshokutwa, Ijumaa."

Dorkasi aliigusa Mac kwa ncha ya kidole. Aliitamani, na hakuificha tamaa yake. Alianza hata kufikiri ni maua gani atakayoidarizia kitambaa chake.

Yotham alikuwa mlangoni, anaosha mwiko wake wa kazi. "Mimi nikinunua mwiko mpya," alisema, "wa zamani siutoi mpaka nimejenga kozi moja ya matofali na ule mpya. Mpelekee Mwajabu zote mbili kwanza."

"Mwajabu atasema nini?" aliuliza Anitha. "Mac ni Mac."

"Basi hakuna hasara akiiona," alisema Yotham.

Alhamisi asubuhi Dorkasi alizifunga laptopu zote mbili katika kile kitambaa cha zabibu. Akapanda bajaji hadi Majengo. Mwajabu ni fundi wa kompyuta, mwenyeji wa Kondoa. Karakana yake iko kati ya muuza maharage na muuza mbegu za alizeti.

"Karibu, dada Dorkasi. Habari za Ihumwa?"

"Nzuri, dada. Nina haraka. Nataka unihamishie vitu vyangu vyote kutoka kwenye hii kwenda kwenye hii. Ya zamani inachukuliwa kesho."

Mwajabu alizipokea zote mbili. Hakuzifungua. "Nitahamisha," alisema. "Lakini niambie kwanza, kompyuta inakufanyia kazi gani?"

"Kazi nyingi tu. Naandika barua za kikundi chetu cha akina mama. Natunza picha. Na nachora nembo."

"Ipi kati ya hizo ndiyo inayokulisha?"

"Nembo."

"Basi kaa hapa. Chora nembo moja kwenye Mac, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ukimaliza salama, nitahamisha vyote."

Dorkasi alikaa. Aliandika mistari miwili ya barua, ikatoka vizuri. Alifungua picha, zikaonekana safi kabisa. Akatabasamu. Kisha akachomeka flashi yenye programu ya nembo. Akabonyeza. Mac ikaleta maneno ya kukataa. Akabonyeza tena. Ikakataa tena.

"Mbona haifunguki?" aliuliza.

"Programu hii imetengenezwa kwa ajili ya Windows," alisema Mwajabu. "Unaijua sindano ya mashine yako ya kudarizi? Ukiipeleka kwenye cherehani ya miguu, itaingia?"

"Haiingii."

"Sindano ni mbovu?"

"Si mbovu. Haikutengenezwa kwa ajili ya cherehani ile."

"Ni hivyo hivyo. Mac ni nzuri, na programu yako ni nzuri. Ila haziendani."

Dorkasi aliichomoa flashi. Sweta mia mbili zilikuwa nyumbani, hazina hata nembo moja. Na kesho yule mama wa kwaya angekuja kuchukua laptopu ya Windows.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza.

"Njia zipo," alisema Mwajabu. "Kuna Mac zinazokubali kuwekewa Windows ndani yake. Lakini si zote, na si kila programu itakubali kufanya kazi humo. Tena wapo wanaouza programu za nembo za Mac. Kabla ya kununua chochote, ungewapigia simu waliokuuzia mashine. Ungewauliza, programu hii inafanya kazi kwenye Mac ya aina hii? Wakisema ndiyo, unajaribu kwa macho yako. Wakisema hapana, umejiokoa."

"Wifi yangu anasema Mac haiingiwi na virusi."

Mwajabu akacheka. "Mwambie wifi yako nampa salamu. Mac nazo huingiwa, hata kama si mara nyingi. Ukifungua kila kitu unachotumiwa na watu usiowajua, hakuna kompyuta ya kukuokoa."

Dorkasi alijiinamia. "Basi nimekwama," alisema. "Mac haiwezi nembo. Na hii yangu inaweza, lakini inajikokota na kuzima. Mwalimu nitamwambia nini?"

"Bado hatujamuuliza mgonjwa anaumwa nini," alisema Mwajabu.

Aliiweka laptopu ya Windows juu ya meza ya mbao na kuiwasha. Akafungua programu ya nembo. Wakasubiri. Ilichelewa kuwaka, lakini haikuzima. Robo saa ilipita, na bado ilikuwa inafanya kazi.

"Nyumbani ingekuwa imekwisha kuzima," alisema Dorkasi kwa mshangao.

"Nyumbani unaiweka wapi?"

"Mezani."

"Juu ya meza tupu?"

"Tupu? Hapana, dada! Mimi si mtu wa kuweka kitu juu ya meza tupu." Dorkasi alikichukua kitambaa cha zabibu na kukitandaza kwa fahari. "Naiweka juu ya hiki. Upepo ukija naifunika na ubavuni. Ni kazi ya mikono ya mama yangu."

Mwajabu alikishika kitambaa kwa heshima, akakisifu. Kisha akaizima laptopu na kuigeuza chini juu. "Unayaona haya matundu? Huku inavuta hewa ya kujipooza. Haya ya ubavuni yanatoa hewa ya moto. Kitambaa kimeziba pote. Ikipata joto sana inapunguza mwendo. Likizidi, inazima yenyewe ili isiungue."

Alifungua skrubu, akainua mfuniko wa chini. Ndani, feni ilikuwa imevikwa vumbi jekundu. Kwenye vumbi hilo kulikuwa na nyuzi ndogo ndogo, za bluu, za njano na za kijani. Dorkasi aliitambua ile ya njano. Ilikuwa ya majoho ya kwaya aliyoyadarizi wakati wa Pasaka.

Alitaka kucheka, lakini machozi yalimlengalenga. Muda wote huo alidhani anaitunza. Na lililomuuma zaidi ni kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa cha mama.

"Usijilaumu," alisema Mwajabu. "Nusu ya laptopu za mji huu zinaletwa hapa zimetoka kitandani na kwenye makochi. Kuna jambo la pili. Diski yako ni ya zamani, yenye sahani inayozunguka, na imechoka. Ndiyo maana inachelewa kuwaka. Nikikuwekea diski ya kisasa isiyozunguka, utaona tofauti. Ni gharama, lakini huwezi kuilinganisha na ya kununua kompyuta nyingine. Windows yako bado inapata masasisho ya usalama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuitupa."

"Na nembo zangu zilizomo?"

"Nazinakili pembeni kabla sijagusa chochote. Na wewe jifunze hivyo. Kila Ijumaa, nakili kazi zako mahali pengine."

Saa kumi jioni kazi ilikuwa imekwisha. Dorkasi aliiwasha laptopu yake. Alikuwa anavuta kiti, nayo ikawa tayari. Aliiangalia, akamwangalia Mwajabu. Akamkumbatia.

Ijumaa asubuhi Anitha alikuja na mteja wake, yule mama wa kwaya. Alimkuta Dorkasi anafanya kazi. Mashine inashona, sweta zimepangwa kwenye kochi.

"Wifi, samahani," alisema Dorkasi. "Gunia siliuzi."

Akaeleza yote. Anitha alinuna kidogo. "Kwa hiyo Mac yangu ni mbaya?"

"Si mbaya, wifi. Ningekuwa nafanya kazi kama zako, za barua na picha, ningeichukua leo hii. Lakini nembo haiziwezi, na nembo ndizo zinazonilisha."

Yule mama wa kwaya aliinua kichwa. "Jamani, mimi nataka ya kuandikia barua tu," alisema. "Hiyo ya fedha inaandika barua?"

Dorkasi na Anitha walitazamana, wakaangua kicheko. Mac ilikuwa imepata mwenyewe. Dorkasi akakumbuka neno moja la Mwajabu. "Kabla hujamkabidhi, wifi, nakili vitu vyako, ujitoe kwenye akaunti yako, kisha ufute kila kitu. Usipofanya hivyo, mwenzako anaweza kufungiwa asiitumie."

"Siku moja tu kwa Mwajabu, umekuwa fundi!" alisema Anitha.

Jumamosi alasiri sweta ya mwisho ilipigwa nembo. Jumatatu watoto waliingia darasani wamevaa sweta zao. Mwalimu mkuu alipita kwa Dorkasi mchana, akaacha mzigo wa fulana za michezo za muhula mzima.

Wiki iliyofuata Bi Ruthu alikuja kutoka Hombolo. Dorkasi alikuwa ameiogopa siku hiyo kuliko alivyomwogopa mwalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Ruthu alichungulia chumba cha kazi. Laptopu ilikuwa imewashwa, imekaa juu ya vibao viwili ambavyo Yotham aliviranda. Chini yake palikuwa wazi. "Dorkasi, mbona laptopu iko uchi? Kitambaa changu kiko wapi?"

Dorkasi hakuanza kwa maelezo. Aliushika mkono wa mama yake, akausogeza ubavuni mwa laptopu. Hewa ya moto ikagusa vidole vya Bi Ruthu.

"Kumbe inapumua!" alisema Bi Ruthu.

"Inapumua, mama. Mimi nilikuwa naiziba pumzi kwa kitambaa chako."

Bi Ruthu aliuondoa mkono wake. Dorkasi alimwangalia usoni kwa wasiwasi.

"Kinatunzwa wapi sasa?" aliuliza Bi Ruthu.

"Kwenye droo, mama. Nilikifua."

"Kilete."

Dorkasi akakileta. Bi Ruthu alikikunjua, akazipapasa zabibu zake kwa kidole gumba. "Ikifanya kazi, iache ipumue," alisema. "Ukiizima, ikapoa, ifunike na hiki kwa juu. Vumbi halitaingia, na kitambaa changu hakitakaa kwenye droo kama kimefanya kosa. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," alisema Dorkasi, na moyo wake ukatulia kabisa.

Walikwenda kunywa chai sebuleni, ambako Yotham alikuwa amesinzia kwenye kochi. Runinga ilikuwa inawaka, na kitambaa chake chenye maua kilikuwa kimening'inia mgongoni mwake. Bi Ruthu aliweka kikombe chini. Aliinuka, akapeleka kiganja nyuma ya runinga, akakiacha hapo kidogo, akasikia joto.

Kisha akakivua kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani mwa Yotham.